Neno "porneia" na talaka ya Mkristo

Utemini, hapa Manispaa ya Singida, Mkatoliki na Mlutheri wanaweza kupanga nyumba moja, wakasoma Mathayo 19:9, kisha wakafundishwa mambo mawili. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ndoa halali ya wabatizwa ikishakamilika huvunjwa na kifo tu. Mapokeo ya Kilutheri, tangu Martin Luther mwenyewe, yanamruhusu mwenzi aliyesalitiwa kuachana na kuoa au kuolewa tena.

Ugomvi unazunguka neno la Kigiriki "porneia". Katika Marko 10 na Luka 16:18, Yesu anakataza talaka bila sharti lolote. Mathayo pekee, sura ya 5 na ya 19, anaongeza "isipokuwa", kisha anaweka neno hilo. Biblia ya Union imelifasiri uasherati.

Wengi husoma hapo uzinzi, yaani mke kutoka nje ya ndoa. Lakini Kigiriki kina neno lake la uzinzi, "moicheia", na kitenzi cha jamii hiyo kimo katika aya hiyohiyo. Mathayo alikuwa nalo mkononi, akachagua jingine. Ndiyo maana Joseph Bonsirven, mtaalamu wa Maandiko aliyeandika mwaka 1948, alisema "porneia" hapa ni ndoa ya maharimu, ile iliyokatazwa na Walawi 18. Ndoa ya namna hiyo ilikuwa batili tangu mwanzo. Ana ushahidi: katika 1 Wakorintho 5:1 Paulo analitumia neno hilo kwa mtu anayeishi na mke wa baba yake. Wakatoliki wengi walilipokea wazo hilo, maana linaacha katazo la Marko likiwa zima.

Mimi sikubaliani naye. Paulo anaeleza ni "porneia" ya namna gani. Mathayo haelezi, na msomaji wa kawaida wa Kigiriki angelielewa kwa upana wake: kila tendo la ngono lililo haramu, uzinzi ukiwamo. Aidha, katika Mathayo 19 Mafarisayo walikuwa wanamuuliza Yesu kuhusu Kumbukumbu la Torati 24:1, aya iliyowagawa walimu wao. Wafuasi wa Shamai walidai sababu nzito ya aibu. Wafuasi wa Hileli walimruhusu mume kumwacha mke hata kwa kuharibu chakula. Jibu la Yesu lilimfunga mikono mume aliyezoea kumfukuza mke apendavyo.

Hilo ndilo linalonifanya nikereke ninaposikia aya hii ikisomwa kwa mwanamke anayepigwa, aambiwe avumilie kwa kuwa mumewe hajazini. Yesu alikuwa akijibu swali la wanaume wanaotaka kuacha wake. Hata sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, pamoja na ukali wake juu ya talaka, inamruhusu mwenzi aliye hatarini kutengana na anayemdhuru.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo haiishii kwenye uzinzi. Mahakama inapopima kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, inaweza kuangalia pia ukatili wa mwili au wa akili, na kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi. Kwa kawaida shauri huanzia baraza la usuluhishi wa ndoa. Anayeumizwa nyumbani aende huko, na mchungaji au padri wake amsindikize.