Jua Machoni, Mguu Barabarani

Barabara ya kutoka katikati ya Dodoma kwenda Morogoro ina kasoro moja ambayo hakuna mhandisi wa kulaumiwa kwayo: inaelekea jua. Mji wa Serikali wa Mtumba uko mashariki mwa jiji. Mtumishi anayetoka Makole au Area C saa moja asubuhi anaendesha akitazamana na jua linalochomoza. Jioni akirudi mjini, linamsubiri magharibi. Na hizo ndizo saa ambazo pembezoni mwa lami kumejaa wanafunzi, mama wenye ndoo za mboga na vijana wanaoshuka daladala na kuvuka palepale.

Kiangazi huongeza lake. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua hainyeshi, upepo unavuma, na vumbi la Ugogo linatulia kwenye vioo vya magari. Miale ya jua lililo chini inapogonga chembe hizo hutawanyika, na kioo chote kinakuwa pazia la mwanga. Jicho humtambua mtu kwa tofauti ya mwanga kati yake na kilicho nyuma yake. Pazia linaifuta tofauti hiyo, na aliyesimama kwenye kivuli cha mwarobaini anatoweka ingawa yupo. Ndoo ya maji na kitambaa safi, kabla ya kuwasha gari, ni kifaa cha usalama ambacho hakipewi heshima yake.

Tuseme dereva amemwona. Ubongo unahitaji kama sekunde moja kuelewa na kuushusha mguu kwenye breki, na kwa aliyechoka au anayechungulia simu ni zaidi. Kwa kilomita 50 kwa saa gari limeshakula mita 14 kabla breki haijaanza kushika, kisha litahitaji karibu mita 14 nyingine kusimama kwenye lami kavu. Linalokwenda kilomita 30 linasimama ndani ya mita 13 au 14, ukijumlisha yote. Kwa hiyo pale ambapo gari la kilomita 30 limekwisha simama, la kilomita 50 ndiyo kwanza linaanza kupunguza mwendo. Kwa kilomita 80 jumla inafika mita 57 hivi. Nguvu ya kugonga nayo haipandi sawasawa na kasi. Hupanda kwa mraba wake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba gari likitoka kilomita 50 kwenda 65, hatari ya aliyegongwa kufa huongezeka mara nne na nusu.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani, ya mwaka 1973, inaweka ukomo wa kilomita 50 katika maeneo ya makazi, na kumtaka dereva ampishe aliye kwenye kivuko. Mtembea kwa miguu naye ana sehemu yake: atumie kivuko kilipo, na asikigeuze kijiwe. Ugawaji huo ni wa haki kwenye karatasi. Barabarani, mmoja anabeba kilo 60 za mwili wake na mwingine tani kadhaa za chuma, na mwenye kilo 60 ndiye anayetakiwa kukadiria vizuri zaidi.

Kukadiria huko ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani. Tunajua kitu kinatujia kwa kuwa umbo lake linapanuka machoni. Kwenye tambarare ya Bahi, ambako barabara imenyooka mpaka inameremeta kwa joto, lori lililo mbali hupanuka polepole mno, likaonekana kama limesimama, kisha ghafla limefika. Bodaboda ni mbaya zaidi kwa sababu ni nyembamba: kwa umbali uleule, jicho huiona iko mbali kuliko gari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Royal Holloway, Uingereza, wakiongozwa na John Wann, waliwapima watoto wa shule za msingi na kugundua kwamba hawana uwezo wa uhakika wa kutambua ujio wa gari linalozidi kilomita 32 kwa saa. Tunawafundisha kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, na ni sahihi kwa nchi inayoendesha kushoto. Ila mtoto anaweza kutazama kulia kwa utiifu wote, akaliona gari, na asijue linakuja kwa kasi gani. Anayemlaumu baadaye kwa uzembe anamlaumu kwa umri wake.

Usiku ni habari nyingine. Giza la Kibaigwa au Manyoni linaingia karibu saa moja, na taa za chini za gari haziangazi mbali. Aliyevaa nguo nyeusi anaweza kuonekana zikiwa zimebaki mita zisizofika 30, na hesabu ya hapo juu inasema hizo hazitoshi kwa kilomita 80. Yeye mwenyewe, akiona taa zile zinavyomulika, anaamini ameonekana.

Mwaka uleule wa 1973, mwanasaikolojia Gunnar Johansson wa Uppsala, Sweden, alionyesha jambo la ajabu kidogo. Aliwarekodi watu gizani wakiwa na nukta za mwanga kwenye viungo tu: vifundo, magoti, viwiko, mabega. Wakisimama, watazamaji waliona nukta tupu. Wakitembea, papo hapo walitambua ni binadamu. Ndiyo maana utepe unaoakisi mwanga ukifungwa kwenye vifundo vya miguu humsaidia dereva kumtambua mtu mapema kuliko fulana ya kuakisi peke yake. Mchungaji anayerudisha ng'ombe jioni angehitaji vipande viwili vifupi tu.

1973 ulikuwa pia mwaka ambao chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mpango wa mji uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Canada mwaka 1976 uliwatanguliza waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi. Gari binafsi lilikuja nyuma. Mji ule haukujengwa jinsi ulivyochorwa. Sensa ya 2022 ilikuta jiji lina watu zaidi ya 765,000, na wengi wao wanatembea kwenye kingo za barabara zilizopanuliwa kwa ajili ya magari.

Dawa inayofanya kazi imeshajaribiwa hapahapa nchini. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend liliweka matuta, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari na vivuko karibu na shule zenye ajali nyingi, na kwingine likahamisha geti tu. Majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa zaidi ya robo. Mradi huo ulishinda Tuzo ya WRI Ross mwaka 2019. Madereva hulilalamikia tuta kila siku, lakini tuta halihitaji trafiki mwenye tochi kusimama juani, na halipokei kitu kidogo.

Dodoma, swali la usalama wa waenda kwa miguu sasa limehamia kwenye barabara ya mzunguko wa nje, zaidi ya kilomita 110, inayopita Nala, Veyula, Mtumba na Matumbulu ili malori yasiingie mjini. Mji utapumua. Lakini vijiji vile vina mashamba, visima na shule pande zote mbili za lami. Bibi anayetembea mita 0.8 kwa sekunde anahitaji karibu sekunde 9 kuvuka upande mmoja wenye upana wa mita 7, na lori la kilomita 80 kwa saa linatembea mita 200 katika muda huo.