Maandalizi ya Walimu wa Wanafunzi Wanaosoma kwa Lugha ya Tatu

Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto huanza kusema kwa lugha ya mama yake, iwe Kihehe, Kimasai, Kisukuma au Kinyakyusa. Kisha huingia shule ya msingi, na walio wengi hufundishwa huko kwa Kiswahili. Afikapo Kidato cha Kwanza hukuta kwamba hisabati, jiografia, baiolojia na karibu masomo mengine yote yanafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hadi siku ile ilikuwa kwake somo moja tu kati ya masomo mengi. Makala haya yanakusudia kueleza ni jambo gani humpata mwanafunzi wa namna hiyo, na hasa ni maandalizi gani yampasa mwalimu atakayesimama mbele yake. Twaandika katika jarida hili kwa kuwa Kanisa linamiliki shule za sekondari na seminari nyingi, na wasomaji wetu wengi ni walimu, au wajumbe wa bodi za shule hizo, au wachungaji ambao huitwa nyumbani kwa mzazi pale mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani katika shule ya msingi anapoanza kuitwa mjinga.

Historia ya jambo hili yajulikana, hivyo twaipitia kwa ufupi. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, lakini sekondari ilibaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba sekondari nayo ianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali, nao wakaona kwamba wengi wao hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo waliyokuwa wakifundishwa. Mtu angetazamia kwamba wangeshauri lugha ibadilishwe. Badala yake walishauri Kiingereza kiendelee, ila kitiwe nguvu, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kusaidia ufundishaji wake. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ilithibitisha Kiingereza katika sekondari. Sera ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango, lakini madarasa ya sekondari yameendelea kwa Kiingereza, na mitihani vivyo hivyo. Mjadala huu ni wa halali, nasi tunao upande wetu. Hata hivyo, mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza mwaka huu hawezi kungoja uishe.

Ili kumwelewa mtoto huyo, yafaa kukumbuka tofauti iliyoelezwa mwaka 1979 na Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada. Alionyesha kwamba kuna lugha ya mazungumzo ya kila siku, ambayo husaidiwa na ishara za uso, mikono na mambo yanayoonekana. Na kuna lugha ya masomo, ambayo haina msaada huo bali hutegemea maneno yenyewe na jinsi yanavyounganishwa. Katika uchunguzi wake juu ya watoto wa wahamiaji nchini Kanada aliona kwamba lugha ya kwanza hupatikana kwa muda wa miaka miwili hivi, bali ile ya pili huchukua miaka mitano hadi saba. Watoto wale walizungukwa na Kiingereza dukani, barabarani na katika televisheni. Wa kwetu hukisikia darasani tu, tena kwa mwalimu ambaye naye alijifunza katika hali hiyohiyo, na kutoka Kidato cha Kwanza hadi mtihani wa Kidato cha Nne ni miaka minne. Yeye msomaji na apige hesabu.

Cummins alisema na jambo jingine ambalo kwetu lina uzito zaidi. Maarifa ambayo mtu ameyapata kwa lugha moja hayakai katika chumba kilichofungwa. Anapojifunza lugha nyingine huyachukua pamoja naye. Mtoto aliyeelewa kwa Kiswahili kwa nini mvua hunyesha hahitaji kuielewa mvua upya. Anahitaji maneno tu. Hapo ndipo twaona kosa la desturi ya kukipiga marufuku Kiswahili katika uwanja wa shule na kumvika mkosaji kibao shingoni. Desturi hiyo humfanya mtoto aone haya kwa ajili ya kile kile ambacho kingemsaidia kupanda.

Ni nini basi huonekana darasani? Kwanza ni ukimya, na ukimya huu una ujanja wake. Mwalimu husema nusu ya neno, na darasa zima humalizia nusu iliyobaki kwa sauti moja. Mwalimu huuliza kama wako pamoja, nao huitika kwamba ndiyo, wako pamoja. Kipindi huisha kwa amani, wala hakuna aliyetunga sentensi yake mwenyewe. Hata swali la mwalimu laweza kuwa mtego. Kwa Kiswahili ukimwuliza mtu, "Hujaelewa?", naye ikiwa hajaelewa, hujibu, "Ndiyo, sijaelewa." Kiingereza hutaka hapo jibu la "No". Basi mwalimu aulizapo kwa Kiingereza kwa njia ya kukanusha, na mtoto akajibu "Yes", huenda mmoja amesema hakuelewa na mwenzake amesikia kwamba ameelewa, na somo likaendelea.

Makosa mengine ni ya namna hiyo, nayo yana asili inayoelezeka. Mwanafunzi humtaja mama yake kwa neno la Kiingereza la mwanamume kwa sababu Kiswahili kina neno "yeye" tu, wala hakiulizi mwanamume au mwanamke. Husema amefika saa moja, akamaanisha saa ambayo Waingereza huiita ya saba, kwa kuwa Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana tangu jua lichomozapo. Katika fizikia husumbuka na tofauti ya uzito na tungamo, maana katika mazungumzo ya kawaida neno uzito hubeba yote mawili. Neno la Kiingereza "root" ni mzizi wa mmea katika kipindi cha baiolojia. Kengele ikipigwa na mwalimu wa hisabati akaingia, neno lile lile limekuwa kipeuo, wala hakuna aliyemwambia. Aidha yako maneno madogo ambayo hayaandikwi katika orodha yoyote ya msamiati wa somo, kama vile "unless", "whereas" na "although". Mwalimu wa sayansi huyapita kana kwamba si kazi yake, na mara nyingi ndiyo yanayogeuza maana ya swali zima la mtihani. Mwalimu anayejua Kiswahili na Kiingereza kwa kuvilinganisha atayaona haya yakija kabla hayajafika. Asiyefundishwa kulinganisha ataona uvivu tu.

Kwa desturi mafunzo ya namna ya kufundisha lugha hupewa yule atakayefundisha somo la Kiingereza. Mwalimu wa kemia hufundishwa kemia na mbinu za kemia. Hilo ndilo twalionea shaka. Mtoto huyu hukaa na mwalimu wa Kiingereza vipindi vichache kwa juma; vilivyosalia yuko mikononi mwa walimu ambao hawakuambiwa kamwe kwamba wanafundisha lugha. Kwa hiyo twashauri kwamba kila mwalimu wa sekondari, awe wa somo lolote, aandaliwe pia kuwa mwalimu wa lugha ya somo lake.

Maana yake katika kazi ni hii. Tuseme mwalimu mwanafunzi anaandika andalio la somo la jiografia juu ya mzunguko wa maji. Lengo la kwanza ataliandika bila shida: mwanafunzi aeleze jinsi maji ya ziwa yanavyokuwa mvuke, kisha mawingu, kisha mvua. Mkufunzi na amwulize lengo la pili: ni sentensi gani ya Kiingereza atakayohitaji mwanafunzi ili aweze kueleza hivyo? Atagundua kwamba zinahitajika sentensi za sababu na matokeo, na za kitu kimoja kufuatana na kingine, nazo ni nne au tano tu. Basi huziandika ubaoni mwanzo wa kipindi, zikiwa na nafasi za kujaza, kando ya mchoro. Wanafunzi huzungumza wawili wawili kwa Kiswahili kwa dakika chache: Je, nguo iliyoanikwa hukauka kwa nini, na maji yake huenda wapi? Baada ya hapo kila jozi hutoa jibu kwa Kiingereza kwa kutumia sentensi za ubaoni. Mwishoni huandika wenyewe.

Hapo msomaji atasema kwamba walimu wetu tayari huchanganya lugha. Ni kweli, nasi hatuwalaumu. Bila Kiswahili masomo mengi yasingefundishika kabisa. Lakini kuchanganya kwa dharura, mwalimu akieleza yote kwa Kiswahili na kuacha maandishi ya Kiingereza yanakiliwe ubaoni, humwacha mtoto na vitu viwili visivyokutana: anachokielewa na alichokiandika. Mpango tuliouelezea huvikutanisha kwa makusudi. Katika miaka ya 2010 wataalamu wa hapa nchini na wa Chuo Kikuu cha Bristol walitunga vitabu vya majaribio vya Kidato cha Kwanza vilivyofuata njia hiyo, vyenye sentensi fupi, michoro na tafsiri ya maneno magumu kwa Kiswahili. Ni ushahidi kwamba jambo hili lawezekana katika shule za kawaida.

Liko na zoezi jingine ambalo halihitaji kitabu wala fedha. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1970 alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali, akaona kwamba kwa wastani ni kama sekunde moja. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, na wengi zaidi wakajibu. Wanafunzi wale waliulizwa kwa lugha waliyoizoea. Mtoto anayepaswa kulipeleka swali katika Kiswahili, pengine hata katika Kimasai, atafute jibu, kisha alirudishe, atahitaji zaidi ya hapo. Kungoja ni kugumu kwa mwalimu mpya, maana huogopa kwamba darasa litamwona hajui la kusema. Ndiyo sababu yafaa afanyishwe zoezi chuoni, mbele ya wenzake, mpaka azoee.

Pingamizi kubwa ni kwamba walimu wenyewe hawana Kiingereza cha kutosha. Twalikubali, wala kozi ya majuma mawili haitaliondoa. Lakini mwalimu mwenye Kiingereza cha kiasi, aliyeandaa sentensi tano zilizo sahihi na kuwafanya watoto wazitumie, humfaa mwanafunzi kuliko mwenye ufasaha anayesema peke yake dakika arobaini. Katika vyuo vya theolojia twaliona jambo lilo hilo kwa watu wazima: mwanafunzi anayehubiri vizuri kabisa juu ya kuhesabiwa haki hukaa kimya katika semina ya Kiingereza juu ya fundisho hilo hilo. Hakuna anayesema kwamba halijui.

Kwa wajumbe wa bodi na wakufunzi wanaokwenda kuwatazama walimu wanafunzi wakati wa mazoezi ya kufundisha tuna ombi moja. Kwa kawaida anayetazama huangalia mwandiko wa ubaoni, zana, matumizi ya muda na utulivu wa darasa. Aongeze safu moja katika karatasi yake, akae nyuma ya darasa na ahesabu ni wanafunzi wangapi wametamka sentensi nzima iliyo yao, na kwa lugha gani. Kisha amwonyeshe mwalimu hesabu hiyo kabla ya kumwambia neno lingine lolote.