Mteja anataka Sauvage, mfuko hautoshi: uza mbadala bila kumdanganya

Leo tunaongelea unyunyu wa kiume. Kama unauza pafyumu mtandaoni lazima umeshaulizwa hili swali: "Dada, Sauvage ipo? Bei gani?" Wengine wanaandika "savage", wengine "sovaj", lakini wote wanamaanisha ile ile ya Dior, chupa ya bluu iliyokolea kama usiku. Ukitaja bei ya orijino, mteja anasoma ujumbe wako halafu kimya. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, na mimi nilikosea vibaya. Acha nikuambie kwanza ilivyokuwa.

NILIVYOPIGWA

Nilikuwa na miezi minne tu kwenye biashara. Muuzaji mmoja wa jumla akaniambia ana Sauvage orijino, chupa 45,000. Huko nje chupa ya mililita 100 dukani inauzwa zaidi ya dola 100, mimi napewa kwa bei ambayo haifiki hata dola 20, na sikujiuliza. Nikachukua 12, shilingi 540,000, mtaji wangu karibu wote. Nikaziposti "Sauvage OG" kwa 70,000. Wiki mbili zikatoka saba.

Mmoja wa walionunua alikuwa mwalimu wa Morogoro. Alilipa kwa awamu mbili, nikamtumia kwa basi. Baada ya siku tatu akanitumia picha ya shingo yake imetoka vipele, na ujumbe mfupi tu: "Dada, kumbe na wewe?"

Hakutukana. Angetukana ingeniuma kidogo. Nilimpigia, nikamwamkia, nikamwambia ukweli kwamba na mimi nimepigwa. Wale saba wote niliwatafuta mmoja mmoja. Wawili walisema niache tu. Watano niliwarudishia, jumla 350,000, na ilinichukua miezi mitatu kumaliza. Chupa tano zilizobaki nilizimwaga. Yule wa jumla hadi leo hapokei simu.

Toka siku hiyo nikaanza kusoma kuhusu hii kitu usiku kwa usiku kwenye simu. Nilichojifunza ndicho hiki.

FEKI NA MBADALA NI VITU VIWILI

Feki ni chupa iliyoandikwa Dior wakati Dior hawakuitengeneza. Inaiba jina. Ndani yake hujui kuna nini, ndiyo maana mwalimu alitoka vipele.

Mbadala ni pafyumu ya kampuni nyingine, yenye jina lake, boksi lake na kiwanda chake kinachojulikana, ila harufu imetengenezwa ielekee upande wa ile maarufu. Haijifichi.

Kwa nini inaruhusiwa? Kwa sababu jina na nembo vina mwenyewe kisheria, lakini harufu yenyewe ni ngumu kuifungia kabatini. Ufaransa kwenyewe, nyumbani kwa Dior, mahakama yao ya juu ilisema mwaka 2006 kwamba harufu ya pafyumu hailindwi na hakimiliki kama kitabu au wimbo. Na siku hizi kuna mashine za maabara zinazochambua pafyumu na kuonyesha kilichomo. Wenye viwanda wanaanzia hapo.

Kwetu Tanzania bidhaa feki zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya wana Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, chini ya sheria ya mwaka 2008. Mzigo wa feki ukikamatwa unachukuliwa na kuharibiwa, na "sikujua" haikurudishii mtaji.

IJUE KWANZA HIYO SAUVAGE YENYEWE

Huwezi kuuza mbadala wa kitu usichokijua. Sauvage ilitoka 2015, aliyeitunga ni François Demachy, na sura ya matangazo ni Johnny Depp. Jina maana yake ni "ya mwituni". Ziko za aina nne kubwa:

1. Eau de Toilette (2015). Ndiyo ya kwanza. Inafungua na bergamoti, tunda la jamii ya limau kutoka Calabria, Italia, pamoja na pilipili. Chini yake kuna ambroxan.
2. Eau de Parfum (2018). Ina utamu kidogo wa vanila.
3. Parfum (2019). Imetulia zaidi, haichomi pua mwanzoni.
4. Elixir (2021). Hii ni nzito, ya viungo kama mdalasini, iliki na kungumanga. Haifanani sana na ile ya kwanza.

Hiyo ambroxan ndiyo siri ya ile harufu safi yenye joto inayobaki kwenye shati. Wazee wa pwani wanaijua ambari, ile inayotoka kwa nyangumi na kuokotwa ufukweni. Ambroxan ni ndugu yake wa maabara, bei nafuu na haihitaji nyangumi.

Angalizo: kuna Eau Sauvage, pia ya Dior, lakini ni ya mwaka 1966 na ina harufu ya ndimu ya kizamani. Ni nzuri, ila siyo anayoitafuta kijana aliyekuandikia inboksi. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mteja liwe: "Kaka, ni ipi uliyoinusa? Ile nyepesi ya mchana au ile nzito?" Swali hilo moja litakuokoa na malalamiko mengi.

MBADALA TATU NINAZOZIUZA

Zote zinatoka Falme za Kiarabu. Ndiyo maana zinafika kwetu kirahisi: watu wa Kariakoo, Mombasa na Kampala wana njia za Dubai toka zamani. Na ni nafuu kwa sababu hawamlipi nyota wa Hollywood wala hawana kodi ya duka la Paris.

Armaf Ventana. Inaelekea kwenye Sauvage ya kwanza, Eau de Toilette. Ni ya mchana, ofisini, chuoni. Dakika za mwanzo inaweza kunusa spiriti kidogo. Mwambie mteja asiihukumu hapo, asubiri robo saa.

Maison Alhambra Salvo. Hii ni lebo iliyo chini ya Lattafa. Iko njia hiyo hiyo ya Sauvage, na bei yake huwa chini. Inafaa kwa mteja anayeanza au anayenunua zawadi. Angalia boksi vizuri, kuna Salvo na kuna ndugu zake wenye neno la ziada kwenye jina.

Lattafa Asad. Asad ni simba kwa Kiarabu. Hii inaelekea kwenye Elixir. Inaanza na pilipili manga na tumbaku, inapita kwenye kahawa, inaishia kwenye vanila. Nzito. Ni ya jioni, harusini, au kule kwenye baridi kama Mbeya na Arusha. Ukiipulizia mara sita ndani ya daladala saa saba mchana, watu watashuka kabla ya kituo.

Tahadhari ya Asad: ipo Asad Zanzibar. Jina linatuvutia sisi watu wa huku, lakini ni harufu nyingine, ina nazi ndani. Mteja akisema "nataka Asad", muulize ni ipi, mtumie picha ya boksi, akubali kwanza ndiyo upokee hela.

Halafu kuna mafuta, ile attari inayopimwa kwa tola (tola moja ni kama mililita 12). Hayana spiriti, kuna wateja wanaoyapendelea kwa ajili ya swala, na wengine kwa sababu yanakaa karibu na ngozi. Ila hapa uchakachuaji ni mwingi. Nunua kidogo, jaribu mwenyewe wiki nzima, ndiyo uweke kwenye stetasi.

USIAMINI, JARIBU

Mzigo ukifika usikimbilie kupiga picha. Na usifikiri ni Dior tu wanaoigwa, hizi mbadala zinazouzika nazo zina feki zake. Fanya hivi:

1. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye boksi na iliyo chini ya chupa. Zisipolingana, rudisha. Zikilingana bado siyo uthibitisho, maana feki wananakili namba pia. Kwa hiyo endelea.
2. Angalia maandishi, nailoni ya boksi, mfuniko, na spreya kama inatoa ukungu laini au inatema matone.
3. Pulizia kwenye kipande cha karatasi na kwenye mkono. Nusa baada ya dakika 15, baada ya saa 2, na baada ya saa 5. Andika.
4. Mpe mtu mwingine anuse. Pua yako inazoea harufu na kuacha kuisikia. Mteja akisema "haikai", kabla hujabishana muulize kama waliokaa naye nao hawaisikii.
5. Hifadhi mbali na jua. Chupa dirishani inapendeza kwenye picha, ila joto la Dar litakuharibia mzigo.

JINSI YA KUITANGAZA

Hapa ndipo pesa ilipo, na ndipo hatari ilipo. Usiweke picha ya chupa ya Dior kuuza Asad. Usiandike jina la Dior kwa herufi kubwa kwenye bango lako. Huko Ulaya kuna kesi maarufu ya L'Oréal dhidi ya Bellure: mwaka 2009 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kutembeza orodha za "hii yetu inanukia kama ile yao" ni kujinufaisha isivyo haki na jina la mwenzako. Sisi hatuko Ulaya, lakini somo ni lile lile: uza kwa jina la bidhaa yako.

Posti yangu ya Asad iko hivi:

"Lattafa Asad, mililita 100, imetengenezwa Falme za Kiarabu. Pilipili manga mwanzoni, kisha tumbaku na kahawa, mwisho vanila. Nzito, ya jioni. Pulizia mara mbili tu."

Mteja akija inboksi kuuliza Sauvage, namjibu:

"Kaka, ya Dior sina. Ninayo hii ya Lattafa, ni kampuni nyingine. Harufu yake inaenda upande wa Sauvage Elixir ila siyo ile ile. Ninacho kichupa kidogo ujaribu kwanza."

Na ile tabia ya kuandika "inafanana asilimia 98" tuache. Nani alipima? Sema inafanana wapi na inaachana wapi. Hizi mbadala nyingi zinafanana na mwenzake pale mwanzo, ukikaa saa kadhaa zinaanza kuachana. Ukisema mwenyewe mapema, mteja hana cha kukushtaki.

HESABU YA KICHUPA KIDOGO

Huu ni mfano, bei zako zitakuwa tofauti. Tuseme chupa ya mililita 100 imekufikia kwa 60,000. Ukiiuza nzima kwa 80,000, faida ni 20,000.

Sasa imimine. Toa mililita 10 za majaribio na zinazopotea, zinabaki 90, yaani vichupa 9 vya mililita 10. Kichupa na lebo tuseme 1,000, jumla 9,000. Gharama yote 69,000. Ukiuza kila kimoja 12,000 unapata 108,000. Faida 39,000. Toa bando na nauli ya kupeleka mzigo, bado uko mbele.

Kichupa cha mililita 10 kinapulizia kama mara 100. Mwanafunzi wa chuo anakimudu, akikipenda anarudi kuchukua chupa nzima. Ila masharti: spreya mpya, mikono safi, na lebo iandikwe jina halisi na kwamba umemimina wewe. Ukimimina Asad ukaandika Sauvage, umeshatengeneza feki mwenyewe jikoni kwako.

NA ANAYETAKA ORIJINO?

Mwambie aende duka linalotoa risiti na kukubali kurudishiwa bidhaa. Usimponde, usimcheke. Mimi nimepoteza oda hivyo, na baadhi yao wamerudi baadaye kununua kingine, maana wameshajua kwamba nikisema kitu ndivyo kilivyo.

Yule mwalimu wa Morogoro? Mwaka jana alinitumia ujumbe. Anataka vichupa vitatu vya Asad, kimoja chake na viwili vya wenzake wa ofisini. Mwisho akaandika: "Hii najua ni nini, dada. Tuma."

Mtumie mwenzako anayeuza pafyumu asome kabla hajaingia kwenye mzigo wa 45,000. Kazi njema.