Tuma rasimu ikiwa bado mbichi

Kila Jumapili, nikiwa Madaba, natuma rasimu ya hadithi kwenye kundi letu la WhatsApp. Juzi swali likaja: "Hapo 'akamwambia amechelewa', nani kachelewa, mama au binti?" Hadithi nzima inasimama hapo! Mimi nilikuwa namwona binti kabisa, kumbe nilimwona peke yangu.

Mwaka 1990 Elizabeth Newton, Chuo Kikuu cha Stanford, aliwataka watu wagonge mezani midundo ya nyimbo maarufu. Wagongaji walidhani wasikilizaji wangetambua nusu. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji anausikia wimbo kichwani. Mwenzake anasikia ko-ko-ko. Ukijisomea rasimu yako, wewe ndiye mgongaji, na kuirudia mara kumi hakusaidii sana.

Binti sasa nimempa jina. Jumapili hii natuma tena.