Mkopo wa Simu na Siri za Nyumbani

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, akina mama wengi wa Masasi na Newala huokota korosho huku wakitafuta mtaji, kwani malipo ya mnada hayajaingia benki na biashara ndogo haingoji. Zamani mwenye shida angewauzia watu wa kangomba korosho zake kwa bei ya kutupa. Siku hizi anafungua simu.

Hatusemi asifungue. Tangu M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mkopo wa simu umewafaa wengi wasio na hati ya nyumba wala mdhamini. Lakini ni nani anayeamua kwamba mama huyu apewe shilingi 20,000 na yule 200,000? Si karani wa benki. Ni kompyuta, ambayo hutazama unaweka vocha mara ngapi, unapokea na kutuma fedha kiasi gani, na mkopo uliopita uliurudisha lini. Hiyo ni sehemu ya kile kinachoitwa akili mnemba, nayo haina macho ya kuona mikorosho yako.

Fedha za korosho huja kwa mkupuo, kisha simu hukaa kimya hadi msimu mwingine. Kompyuta iliyozoea mwenendo wa mfanyabiashara wa Kariakoo, anayepokea fedha kila siku, inaweza kumwona mkulima wa Newala kuwa hakopesheki kila ifikapo Mei. Tena wapo akina mama ambao laini zao zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Anayeuza ni mama, anayelipa deni ni mama, lakini sifa yote inaandikwa kwa jina la baba. Wakitengana, mama anaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kufanya biashara.

Wabaya zaidi ni wakopeshaji wasio na leseni. Programu zao huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, na mwenye haraka hubonyeza “kubali” bila kusoma. Akichelewa kulipa, ujumbe unakwenda kwa mkwewe, kwa mwalimu wa mtoto, hata kwa mwenyekiti wa kikundi, kwamba fulani ni tapeli. Hao hawakukopa, wala hawakuulizwa kama namba zao zitolewe! Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inataka taarifa zikusanywe kwa shabaha inayojulikana, na inakupa haki ya kuona zilizoandikwa juu yako na kudai zirekebishwe. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba unaweza pia kumwandikia mkopeshaji kutaka uamuzi unaokugusa sana usifanywe na mashine peke yake. Malalamiko hupelekwa kwa Tume hiyo.

Wala tusiwanyoshee vidole watu wa mbali tu. Daftari la kikundi cha kuweka na kukopa lina namba za vitambulisho, namba za simu na madeni ya kila mwanachama. Likipigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp ili kumwaibisha aliyechelewa, tofauti yetu na wale wenye programu ni ipi? Katibu na alifungie kabatini, na simu ya kikundi iwe na namba ya siri.

Kwa mkopaji, kwanza hakikisha jina la mkopeshaji limo katika orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni. Programu ikitaka majina ya watu wako, ikatae, hata kama mkopo utakosekana. Na wewe ambaye laini yako ina jina la mwingine, nendeni wote wawili dukani kwa kampuni ya simu, kila mmoja na kitambulisho chake cha NIDA, muihamishe kabla minada haijaanza.