Babu Alipokuwa Askari

Vita vya 1914 hadi 1918 vilipita Iringa na Mbeya vikaacha maghala matupu. Askari wa Wajerumani, na wa Waingereza vilevile, walichukua nafaka za wakulima na kuwatwisha wanavijiji mizigo kwa nguvu. Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika. Waliosalimika walirudi makwao, wakalea wajukuu, wakanyamaza.

Mjukuu agunduaye kuwa babu yake mpenzi alikuwa miongoni mwao hushikwa na fadhaa. Hasa Iringa, nchi ya Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, na ambaye fuvu lake lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954.

Sisi twasema: kumpenda babu hakutulazimishi kuficha aliyoyatenda, wala ukweli hautuamuru tumchukie. Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Unguja nako walichukuliwa wapagazi wa vita hivyo, basi jambo hili si la bara peke yake. Maofisa Utamaduni na wayaandike masimulizi hayo wakingali wapo wanaoyakumbuka. Mkwawa ana makumbusho yake Kalenga. Aliyemtumikia mkoloni ni wetu; na aliyeporwa mtama wake ni wetu pia.