Risiti na Kombora

Tarehe 1 Septemba 2014, ndege za Marekani zilimuua Ahmed Abdi Godane, kiongozi wa al-Shabaab, kusini mwa Somalia. Kabla wiki haijaisha, kundi lilikuwa limeshamtangaza mrithi wake, Ahmad Umar. Kuna vyama vya siasa vyenye katiba na wanasheria ambavyo kwa shughuli hiyo vingekwenda mahakamani mara tatu. Aprili 2 mwaka uliofuata, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa na kundi hilohilo katika Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya.

Sisemi Godane angeachwa. Nasema kuua kiongozi ni kazi moja, na kuua kundi ni nyingine. Machi 2016 Pentagon ilitangaza kwamba wapiganaji zaidi ya 150 wameuawa kwa mpigo katika kambi ya Raso. Mwaka 2017 mashambulizi ya angani yakaongezwa maradufu, na Oktoba mwaka huohuo lori lililosheheni mabomu likaua watu zaidi ya 500 katika makutano ya Zoobe, Mogadishu.

Nguvu ya kundi hili iko barabarani. Dereva wa lori akifika kwenye kizuizi cha al-Shabaab hulipa ushuru na kupewa risiti. Akiitoa kwenye kizuizi cha pili cha kundi hilohilo, anapita. Kwa askari wa serikali hulipa kila anaposimamishwa, na akiomba risiti ataonekana mchokozi. Mwenye mzigo hana mapenzi na al-Shabaab. Anawaogopa, na pia anapiga hesabu. Ndege isiyo na rubani huliona lori vizuri sana. Karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati la dereva haiioni.

Na hata lori lenyewe huonwa vibaya wakati mwingine. Aprili 1, 2018, karibu na El Buur, gari lilipigwa; AFRICOM, kamandi ya Marekani inayoshughulikia Afrika, ikasema magaidi watano wamekufa na hakuna raia aliyeguswa. Mwaka ukapita. Baada ya Amnesty International kutoa ripoti kuhusu raia waliouawa kwingineko Somalia, ndipo faili zikafunguliwa tena, na Aprili 2019 kamandi ikakiri: mwanamke na mtoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Ikaeleza kwamba uchunguzi wa ndani ulikuwa umeshawabaini mapema, ila taarifa haikufikishwa ipasavyo makao makuu, Stuttgart, Ujerumani.